Inchaji mpya wa wodi: mwongozo kamili wa kujenga ushawishi usiotegemea cheo

Inchaji wa wodi, yaani muuguzi anayeisimamia, hawezi kumpandisha mtu daraja. Hawezi kumfukuza wala kumwongezea posho, na hata uhamisho wa kwenda wodi ya pili unaamuliwa na matroni au patroni, mkuu wa wauguzi. Anachokabidhiwa ni ufunguo wa kabati la dawa, kitabu cha ripoti, rosta, na watu kumi na kitu ambao mpaka jana walikuwa wenzake wa zamu. Halafu anaambiwa wodi iende.

Mwongozo huu ni wake. Msimamizi wa zamu kiwandani, mkuu wa idara shuleni au kiongozi wa jikoni hotelini ataona mengi yanamgusa pia, kwa kuwa naye ana jukumu kubwa na mamlaka kiduchu. Mtu wa nafasi hiyo anaishi kwa ushawishi. Na kwa ninavyoona mimi, watu wa wodini hawakupimi kwa hotuba zako za kikaoni. Wanakupima kwa rosta unayoibandika ukutani, kwa namna unavyolipokea kosa, na kwa kile unachorudi nacho ukitoka ofisini kwa wakubwa.

Hatua ya 1: Wiki mbili za kwanza, sikiliza na usibadilishe kitu

Kishawishi cha inchaji mpya ni kuonekana. Anahamisha vitanda, anabandika matangazo, anabadilisha saa za chai. Wenye wodi wanamtazama tu. Wameshaona mainchaji wakija na kuondoka, na wanajua matangazo ya ukutani hudumu mpaka gundi ikauke.

Badala yake zungumza na kila mmoja peke yake, dakika kumi na tano zinatosha. Usimwite ofisini, maana kuitwa ofisini kuna harufu ya kesi. Kaa naye mchana wodi inapotulia, mkiwa mnakunja gozi za vidonda. Muulize maswali matatu tu: ni kitu gani hapa kinakupotezea muda kila siku? Ni jambo gani likifanyika linakuudhi, hata kama ni dogo? Ungekuwa wewe inchaji, ungeanza na nini? Andika majibu kwenye daftari lako, bila kubishana na bila kuahidi.

Wahudumu wa afya na wasafi nao wamo. Wao ndio wanaojua shuka zinapotelea wapi na ndugu wa mgonjwa wanalalamika nini wakishatoka mlangoni. Wa zamu ya usiku wafuate usiku hukohuko. Kwenda wodini saa nne za usiku bila kuwa kwenye ukaguzi, ukauliza tu hali, kunazungumzwa kwa muda mrefu kuliko kikao chochote.

Karibu kila wodi ina mtu aliyetarajia nafasi uliyopewa wewe. Usimkwepe. Mwone mapema, uso kwa uso, na umwambie ukweli wa hali:

"Dada, najua wengi walitegemea uwe wewe, na mimi nilikuwa mmojawapo. Kwenye watoto wachanga unanizidi. Naomba wanafunzi wa field wawe chini yako, na nikikosea uniambie kabla hujawaambia wengine."

Maneno hayo yaseme endapo tu ni ya kweli. Kama hakuzidi popote, usimpake mafuta, atajua. Mpe kazi anayoiweza kweli na umwache aifanye.

Kuna pia rafiki yako wa siku zote, yule mliyekuwa mkimsema pamoja inchaji aliyepita. Yeye anategemea ofu za wikiendi. Mweleze siku ya kwanza kwamba urafiki utaendelea nyumbani, na kwenye rosta atakuwa sawa na wengine. Atanuna kidogo, kisha yataisha.

Hatua ya 2: Rosta ndiyo hotuba yako

Hapa tukae kidogo. Ukimuuliza muuguzi yeyote kwa nini hamwamini inchaji wake, mara nyingi jibu liko kwenye rosta: nani amelala usiku mara ngapi, nani alikuwa kazini Idd zote mbili, nani ana ofu za Jumamosi na Jumapili kila mwezi na hakuna anayejua kwa nini. Upendeleo mwingine unaweza kufichwa. Huu unabandikwa ukutani kwa jedwali.

Anza kwa kuweka kanuni kabla ya kuweka majina. Kaeni kikao kimoja cha nusu saa, mkubaliane mambo haya na yaandikwe:

Rosta itoke lini. Wiki mbili kabla ya mwezi kuanza ni muda unaomwezesha mama mwenye mtoto mdogo kutafuta wa kumwachia. Rosta inayotoka tarehe 30 saa kumi jioni ni dharau, hata kama aliyeipanga hakukusudia.

Maombi yaandikwe wapi. Weka daftari moja la maombi, mezani, ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Anayetaka ofu ya harusi ya mdogo wake anaandika humo na tarehe ya kuomba. Maombi ya kunong'onezana korido yaishe. Kuna mambo ya siri, kama ugonjwa au msukosuko wa ndoa, ambayo mtu atakuja kukwambia pembeni. Hayo yapokee, ila yawe machache kweli.

Sikukuu zigawanywe vipi. Kwenye wodi zenye Waislamu na Wakristo pamoja jambo hili huwa jepesi kuliko watu wanavyodhani: wa Idd wanashikiwa na wa Krismasi, na wa Pasaka vivyo hivyo. Tatizo ni mwaka mpya, ambao kila mtu anautaka. Weka kumbukumbu ya mwaka uliopita, aliyefanya kazi mkesha ule apumzike huu.

Kubadilishana zamu. Ruhusu, lakini kwa maandishi na kwa sahihi za wote wawili. Bila hivyo siku moja wodi itabaki na mtu mmoja, kila upande ukisema "tulielewana".

Jina lako liwemo. Huenda kwenye hospitali yako inchaji hufanya asubuhi tu, Jumatatu hadi Ijumaa, na kuna sababu nzuri za hilo. Hata hivyo jiwekee usiku mmoja au wikiendi moja kwa mwezi, hasa ile ambayo hakuna anayeitaka. Utaona kwa macho yako kinachotokea saa tisa usiku taa zikikatika na wagonjwa wawili wapya wamefika, na hakuna atakayekwambia tena kwamba hujui hali ilivyo.

Jua na sheria, ili usiahidi usichoweza wala kumnyima mtu haki yake. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, zinazolipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku inahesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na ina nyongeza ya asilimia 5 ya ujira wa msingi. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mjamzito hatakiwi kupangiwa usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Hospitali za serikali zina pia taratibu zake za utumishi wa umma, zisome. Wakati mwingine rosta haitoshi kwa sababu watu hawatoshi, basi. Hapo usijifanye mchawi. Waambie hivyo, onyesha hesabu, na uichukue hesabu hiyo kwenda nayo juu. Tutaifikia.

Mwisho wa kila miezi mitatu, jumlisha usiku, wikiendi na sikukuu za kila mtu, pamoja na zako, uzibandike pembeni ya rosta. Hakuna haja ya maelezo. Wodi zenye manung'uniko ya miaka nimeziona zikitulia kwa karatasi hiyo moja.

Hatua ya 3: Kosa likitokea, uliza ilikuwaje

Miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali. Alitarajia timu zenye viongozi wazuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu nzuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa mengi zaidi. Alipochimba akaona sababu. Kwenye timu hizo watu waliyasema makosa yao. Kwenye zile nyingine waliyaficha.

Sasa jiulize wodi yako iko upande gani. Kama mwezi mzima umepita na kitabu cha matukio ni cheupe, usishangilie.

Utaratibu wenyewe, muuguzi akija kukwambia amempa mgonjwa dawa isiyo yake:

Mgonjwa kwanza. Apimwe presha, mapigo na upumuaji, daktari aitwe, toroli ya dharura isogezwe. Katika dakika hizi usimkemee mtu. Mkemewa anatetemeka, na unamhitaji akusaidie.

Kisha mshukuru aliyesema. Najua inasikika ajabu. Lakini wengine wote wanasikiliza kujua yaliyompata, na jibu utakalompa yeye ndilo jibu la makosa kumi yajayo ambayo ama utaambiwa ama hutaambiwa.

Mgonjwa akitulia, keti naye na muifuate njia nzima ya dawa ile. Ilitoka wapi, ilikuwa imekaa na nini, nani aliita wakati anavuta dawa kwenye sindano, alikuwa zamu ya ngapi mfululizo? Mara nyingi utakuta ampuli mbili zinazofanana zimewekwa droo moja. Shirika la Afya Duniani limekuwa likishauri potasiamu kloraidi iliyokolea isikae wodini pamoja na dawa za kawaida, kwa sababu ampuli yake hudhaniwa ni ya maji ya kuchanganyia na mgonjwa anaweza kufa. Ukimwadhibu muuguzi ukaiacha droo kama ilivyo, umemwandalia kosa mtu wa zamu ijayo.

Asubuhi yake, kwenye ripoti, eleza kilichotokea bila jina na useme kilichobadilishwa. Wote wanajua ni nani. Wataona hukumtaja.

Haya yote ni ya makosa. Kuja kazini umelewa, kuiba dawa, kumdai mgonjwa hela, kuondoka kabla hujakabidhi zamu: haya si makosa, na kuyafumbia macho kutakumaliza haraka kuliko ukali. Hapo andika tarehe, saa na ulichokiona mwenyewe, ukabidhi kwa wakubwa wako utaratibu wa nidhamu ufuatwe. Kwenye sekta binafsi Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka mtuhumiwa aelezwe kosa lake na asikilizwe. Wewe usiwe mshitaki, shahidi na hakimu kwa wakati mmoja.

Hatua ya 4: Kusahihisha bila kudharau

Mwaka 1971 TANU, chama kilichokuwa kikitawala Tanzania Bara, kilitoa Mwongozo wake, na ibara ya 15 ikakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Haikupita muda wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam wakaanza kuitumia ibara hiyo kuweka zana chini, na migogoro mingi ya miaka ile ilihusu jinsi mameneja walivyowatendea watu, zaidi ya mshahara. Mainchaji wengi hawajawahi kuisoma, ila wauguzi wao wanaiishi. Mtu atavumilia mshahara mdogo na upungufu wa glovu. Kufokewa mbele ya ndugu wa mgonjwa hasahau.

Kwa hiyo sahihisha faraghani, siku hiyohiyo, jambo moja kwa wakati. Sema ulichokiona, na madhara yake, na unachoomba. Usiseme "siku hizi mmekuwa wavivu", maana hapo umemtukana hata aliyekesha.

Mtihani mkubwa ni kumsahihisha aliyekuzidi umri. Inchaji wa miaka thelathini na muuguzi aliyeanza kazi kabla hajazaliwa: cheo kinapanda, heshima inabaki palepale. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, naomba dakika mbili. Jana sindano ya mtoto wa kitanda cha nne haikusainiwa kwenye chati. Usiku daktari alitaka irudiwe."

"Aah, si nilimwambia yule binti?"

"Ulimwambia, naye amesema hivyo. Ila angekuwepo mwingine, mtoto angepata dozi mara mbili. Naomba tusaini palepale kitandani. Na hawa wadogo wakikuona wewe unafanya, sitakuwa na haja ya kuwaambia."

Shikamoo haijampunguzia inchaji kitu, na ombi halikulegezwa. Ukiruka salamu ili uonekane bosi, umepoteza. Ukimaliza na salamu ukashindwa kusema lililokuleta, umepoteza pia, na hili la pili ndilo la kawaida zaidi kwetu.

Kuhusu kusifu: wapo wanaoogopa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali ina haki yake, lakini inamhusu anayesifiwa kwa jumla jumla. "Leo ulivyomweleza yule mama jinsi ya kumshika mtoto kunyonya, ameelewa mara moja" haimharibu mtu. Inamwambia kitu cha kurudia kesho.

Hatua ya 5: Grupu la WhatsApp na majungu

Hili fupi. Grupu la wodi liwe la taarifa: mabadiliko ya rosta, kikao, msiba, mchango. Usimkaripie mtu humo, hata kwa mafumbo, hasa kwa mafumbo. Picha za wagonjwa marufuku kabisa. Na usimpangie kazi aliye ofu saa tano usiku kwa sababu tu umekumbuka.

Majungu hayataisha. Unachoweza ni kuyanyima soko. Mtu akija na "inchaji, unajua fulani anasemaje juu yako", mjibu kwa upole kwamba utamwita fulani mzungumze wote watatu. Chawa wa ofisini hawapendi vikao vya watu watatu. Baada ya mara mbili hivi, atatafuta inchaji mwingine wa kumpelekea.

Hatua ya 6: Panda ngazi ukiwa na hesabu, shuka ukiwa na jibu

Wodi inakutaka uwe sauti yake. Lakini malalamiko ya mdomo yakifika kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, yanachanganyika na ya wodi nyingine zote na kuyeyuka. Peleka karatasi moja. Glovu: tuliomba boksi ngapi, tulipata ngapi, ziliisha siku gani, tulifanyaje. Wauguzi: siku ngapi mwezi huu usiku ulikuwa na muuguzi mmoja, na kulikuwa na wagonjwa wangapi. Kisha pendekeza kitu ambacho anayesoma anaweza kukiidhinisha leo, hata kama ni kidogo, kwa mfano kuazimwa mhudumu mmoja wa afya kwa zamu za usiku.

Wengi hupotezea hapa: wanasahau kurudi. Jibu likiwa ndiyo, waambie wenzako. Likiwa hapana, waambie pia, pamoja na sababu uliyopewa na utakachofanya baadaye. Likiwa "tutaangalia", waambie umeambiwa hivyo na utauliza tena tarehe fulani, kisha uulize kweli. Kimya chako watakitafsiri kwamba hukuenda.

Wakubwa wakileta amri usiyokubaliana nayo, pingana nao kwa wakubwa. Ukishindwa, usirudi wodini ukasema "wamesema wao, mimi simo". Unadhani unajitetea, unachowafundisha ni kwamba maagizo ya hapo hayana mwenyewe.

Hatua ya 7: Gawa kazi pamoja na heshima yake

Hospitali nyingi za Tanzania zinajua S tano, utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Zilianza Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 kwa ushirikiano na JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, zikasambaa. Penye mafanikio utakuta kitu kimoja: waliopanga kabati ni wale wanaolifungua kila siku. Penye kushindwa, inchaji alibandika lebo mwenyewe Jumapili, akasifiwa na wakaguzi, na baada ya mwezi lebo zikabaki na vitu vikahama.

Basi chukua tatizo moja kutoka kwenye daftari lako la Hatua ya 1, lile lililotajwa na wengi. Wape watu wawili, mmoja wa siku nyingi na mmoja mgeni. Waambie lini unataka kuona majaribio, na usiwafuate-fuate. Wakija na njia tofauti na yako lakini salama, ichukue yao. Wakifanikiwa, wao ndio waende kuieleza kwenye kikao cha hospitali. Wewe kaa nyuma. Matroni anajua wodi ni ya nani.

Panga pia atakayekaimu ukiwa likizo, na umwachie kweli: ufunguo, rosta, na haki ya kuamua. Simu uijibu kwa mambo ya hatari tu.

Utajuaje inafanya kazi

Si kwa kupendwa. Angalia dalili hizi baada ya miezi sita. Makosa unayaambiwa na aliyekosea, kabla hujayasikia kwa daktari. Kwenye ripoti ya asubuhi anaongea hata mhudumu wa afya. Mtu anabishana nawe mbele ya wengine, mnafikia uamuzi, na mchana mnakula pamoja. Watu wanabadilishana zamu wenyewe kumshikia mfiwa, unakuta tayari imeandikwa na kusainiwa. Wanafunzi wa field wanaomba kurudi wodi yako. Ukiona dalili mbili tu kati ya hizo, rudi kwenye karatasi ya usiku, wikiendi na sikukuu uliyobandika pembeni ya rosta, uisome upya ukianzia kwenye jina lako.